Mrija wa Ombwe Si Mpira wa Hewa

Katika gereji zetu, kuanzia Kisauni hadi Thika, kuna vibomba vyembamba vinavyopita huku na huku juu ya injini ya motokaa, na mafundi karibu wote, wakubwa kwa wadogo, wameafikiana kuviita "mipira ya hewa". Jina hilo mimi nalilaumu. Wala silaumu kwa ule ukaidi wa watu wa Pwani katika mambo ya lugha, ambao ndugu zetu wa bara wametutania nao tangu zamani. Nalilaumu kwa sababu jina baya limezaa kazi mbaya, na kazi yenyewe ni ya breki.

Ndani ya vibomba hivyo hamna hewa inayopelekwa popote. Kinachofanya kazi humo ni ukosefu wa hewa, ambao kamusi zetu zinauita ombwe. Injini ya petroli ikizunguka huvuta pumzi kama mtu anayenyonya, na pale mlango wa kabureta unapokuwa umefungwa nusu, mvuto ule hubaki nyuma yake ukitafuta pa kupatia hewa. Waliobuni motokaa waliona nguvu hiyo ni ya bure, wakaifunga kazi: imsaidie dereva kukanyaga breki, isogeze wakati wa cheche katika distribyuta, ivute moshi wa oili urudi ndani uungue.

Mtoto anayekunywa dafu kwa mrija anayajua mambo haya kuliko sisi. Mrija ukiwa na ufa, atanyonya mpaka mashavu yaume na asipate ila hewa tupu. Basi fundi aliyefundishwa kwamba ule ni mpira wa hewa, akiuona umepasuka atasema hewa inapotea kidogo, si neno, twende. Kumbe hewa haipotei, inaingia, na inaingia pasipo idhini. Petroli inazidiwa, injini inatetemeka ikiwa imesimama, na mguu wa dereva unakuta breki ngumu kama jiwe.

Nimelipata somo hili mbali na bahari, huko Gatuanyaga, mashariki ya mji wa Thika, upande wa barabara iendayo Garissa. Jamaa yangu mmoja wa Mombasa ana Mercedes 300D, lile umbo ambalo Wajerumani waliliita W123, lililoanza kutolewa mwaka 1976 na kuendelea mpaka katikati ya miaka ya 1980, yakatoka magari kama milioni 2.7. Msomaji wa Pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Ni lile gari refu, taa zake pana, ambalo limewabeba maharusi wetu wangapi sijui, likiwa limefungwa mashada mpaka kwenye vioo. Jamaa yangu ameamua kulirudisha katika hali yake ya asili, na akampelekea fundi mmoja mtu mzima mwenye gereji yake huko Gatuanyaga, ambako uwanja ni mpana na kodi haijawa ya kukimbiza watu.

Gari hilo lilikuwa na kioja. Ukizima ufunguo, injini haizimiki. Unatoa ufunguo, unautia mfukoni, unafunga mlango, nayo ingali inanguruma. Kwa miaka kadhaa kijana aliyekuwa akiliendesha alikuwa akishuka, akifungua boneti, na kubonyeza kwa kidole kile kiwiko kilichoandikwa STOP. Hata siku ya harusi, bibi harusi ameketi nyuma na zeze lake, dereva huyo kainama ndani ya boneti na kanzu nyeupe! Watu wakazoea, wakaona ndiyo tabia ya gari lenyewe.

Sasa tazama jinsi lilivyo. Injini ya dizeli haina cheche ya kukata. Itaendelea kwenda maadamu inapata mafuta. Tena haina ule mlango wa kabureta wa kuzuia pumzi, kwa hiyo ombwe lake halitoki kwenye pumzi, linatengenezwa na pampu maalumu inayozungushwa na injini yenyewe. Ombwe hilo moja ndilo linalogawiwa nyumba nzima. Kuna tawi linalokwenda kwenye breki, na kuna tawi linalopitia kwenye ufunguo kwenda kuvuta kijiko kinachokata mafuta, ndipo injini izimike. Tawi jingine linakwenda kwenye milango yote minne na buti, kwa sababu kufuli za gari hilo hufungwa na kufunguliwa kwa ombwe, na nyuma lina tangi dogo la akiba. Chanzo ni kimoja. Kwa hiyo kufuli ya mlango wa nyuma ikitoboka, injini ya mbele inakataa kuzimika. Fundi asiyejua atashughulika na ufunguo, atabadilisha ufunguo, atakulipisha ufunguo, na ugonjwa uko ndani ya mlango anaokaa shangazi.

Mzee wa Gatuanyaga hakushika spana siku ya kwanza. Alikata vipande vya plasta, akaandika namba, akabandika kwenye kila mrija kabla ya kuuchomoa, akachora ramani yake kwenye daftari la shule. Kisha akaleta kijipampu cha mkono chenye saa ya kupimia, akapima tawi moja moja: anavuta, anaacha, anatazama kama mshale utakaa au utaanguka. Tawi lililotulia analiwekea alama, anakwenda la pili. Kazi ya siku mbili, na nguo yake haikuchafuka. Vijana wawili wa gereji walikuwa wakimwangalia kwa uchovu, nami nilidhani wamechoshwa na kuona mkubwa wao akicheza. Siku ya tatu mmoja wao ndiye aliyeshika ile pampu.

Aliyoyakuta ni haya. Vile vifundo vya mpira vinavyounga mirija ya plastiki vilikuwa vimekauka na kupasuka kwa joto na umri, na ngozi ya ndani ya kufuli ya mlango wa nyuma kushoto ilikuwa imechanika. Hayo ni ya miaka, hakuna wa kulaumiwa. Lakini la tatu lilinisimamisha nywele. Kwenye mrija mnene uendao kwenye breki hapana budi kuwe na valvu ya njia moja, yaani inayoruhusu hewa kutoka na kuizuia kurudi. Kazi yake ni kuweka akiba: injini ikizimika ghafla mteremkoni, dereva bado ana mikanyago miwili mitatu ya breki laini. Katika gari la jamaa yangu valvu hiyo haikuwapo. Fundi mmoja wa nyuma, gereji yake siitaji, alikuwa ameiondoa na kuunga kipande cha bomba tupu mahali pake. Pengine ile ya asili ilivunjika na nyingine haikupatikana siku hiyo. Gari lile limeshuka mteremko wa Mazeras sijui mara ngapi, limeingia kivuko cha Likoni limejaa watoto, bila akiba hata ya mkanyago mmoja.

Hapa ndipo ninapotofautiana na rafiki zangu wengi wanaopenda magari ya kale. Wao hulalamika juu ya rangi, viti, na nembo ya mbele kwamba si ya asili. Kila mwaka Nairobi hufanywa mashindano ya uzuri wa magari, yale ya Concours d'Elegance yaliyoanza mwaka 1970, na watu hukesha wakipiga msasa hata chini ya gari. Si vibaya. Lakini nimewasikia wenye magari wakijisifu kwamba wameing'oa mirija yote "isiyo na kazi" ili injini ionekane safi. Nani kawaambia haina kazi? Ni kweli magari ya Kijapani ya miaka ya 1970 na 1980 yalitiwa mirija mingi mno, kwa sababu ya sheria kali za moshi za huko kwao, na fundi akifungua boneti huona kitu kama bakuli la tambi. Lakini hata katika tambi hizo kila mmoja una mwanzo na mwisho wake. Ukiziba usioujua, unaweza kuuzima ule wa distribyuta, na gari litazidi kunywa petroli, nawe utailaumu serikali kwa bei.

Mafundi wa jahazi wa Lamu na Pemba hawangekubali fedheha hii. Fundi wa jahazi hana "ubao wa mbele" na "ubao wa nyuma". Ana mkuku, ana mataruma, ana foromali, kila kipande na jina lake, na mwanafunzi hakabidhiwi tezo kabla hajayajua. Naye akipigana na maji yanayopenya hazibi ovyo, anakalafati: anatafuta mshono ulioachia, anaujaza pamba na mafuta, mshono kwa mshono. Kukalafati ni kuzuia pale pasipotakiwa kupita kitu. Yule aliyepiga parafujo ndani ya mrija kaziba njia yenyewe. Kwa nini chombo cha mbao kipewe heshima hiyo, na cha chuma, kinachowabeba watoto wale wale, kikose?

Wala tusijitetee kwamba motokaa ni ya wageni. Thika yenyewe ilipata kiwanda cha kuunganisha magari cha Leyland, kilichoanzishwa mwaka 1974 na baadaye kuitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Mombasa ina chake cha Associated Vehicle Assemblers tangu miaka hiyo hiyo, na huko ndiko yalikounganishwa mengi ya yale Peugeot 504 yaliyokuwa matatu na teksi za masafa nchi nzima. Tumeyaunganisha kwa mikono yetu karibu nusu karne. Ila vitabu vilibaki kwa Kiingereza katika kabati la ofisi, na aliyeshika spana akaachiwa neno "mpira".

Kuna jambo jingine ambalo fundi wa Pwani akipanda bara lazima alijue. Saa ya kupimia ombwe hutofautiana kwa mwinuko. Injini nzima ya petroli, ikipumua polepole pale Mombasa usawa wa bahari, hupima inchi 17 hadi 21 za zebaki. Kila futi 1,000 unazopanda, hupungua inchi moja. Thika iko kiasi cha futi 5,000, kwa hiyo injini ile ile, bila ugonjwa wowote, itasoma 12 hadi 16. Mzee wa Gatuanyaga aliniambia kwamba wateja wa kutoka Pwani humletea magari wakiwa na karatasi ya vipimo vya Mombasa na kudhani injini imekufa njiani. Wengine wameshafunguliwa injini bure na watu wenye njaa kuliko yeye.

Najua litakalosemwa: fundi, haya ni mambo ya matajiri, sisi tunataka gari litembee. Nami nasema mita mbili za mrija mzuri hazifiki bei ya tairi moja. Kinachotakiwa ni kununua ule unaofaa. Bomba laini la tangi la samaki wa mapambo, ambalo nimeliona kwenye injini zaidi ya moja, hulainika kwa joto na kujibana lenyewe likivutwa, likawa limeziba bila mtu kuliziba. Silikoni yenye rangi za kupendeza nayo haifai kupitisha mvuke wa petroli wala oili. Mrija wa ombwe uwe na ukuta mnene, ukiubana kwa vidole ukatae.

Na mwenye gari asiye na kipimo chochote anaweza kuijaribu breki yake leo kabla ya sala ya alasiri. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano sita mpaka iwe ngumu. Mguu ubaki pale pale juu ya breki, kisha washa. Breki ikishuka kidogo chini ya mguu wako, ombwe linafika. Isiposhuka, usivuke kivuko. Halafu zima injini, ngoja dakika chache, ukanyage tena: mkanyago wa kwanza na wa pili viwe laini. Vikiwa vigumu tangu mwanzo, akiba haikai, tafuta ile valvu.

Tena kwa madalali wa magari ya kale nina neno. Anayejua kwamba mrija wa breki umeungwa ovyo, akauza gari kwa kusifu rangi yake, hakuficha kasoro ya mapambo. Aibu ya bidhaa hutajwa kabla ya bei, na hili liliwekwa kwetu tangu tulipokuwa tukiuza ng'ombe na majahazi.

Gari la jamaa yangu sasa linazimika kwa ufunguo, na valvu mpya imetiwa. Kilichobaki ni ile ngozi ya kufuli ya mlango wa nyuma, ambayo imeagizwa na haijafika, kwa hiyo tawi lile limefungwa kwa kizibo chenye kibandiko chekundu ili mtu asije akasahau. Mzee ameniachia lile daftari lake nimsafishie Kiswahili, kwa kuwa anataka vijana wake wapate kulisoma. "Mpira wa hewa" nimeufuta kila nilipoukuta, nikaandika "mrija wa ombwe", naye amekubali. Hiyo ngozi ndiyo tunayobishana. Mimi nataka "utando", yeye anasema utando ni wa buibui, na kwamba ngozi ikichanika kila mtu anaelewa.