Dawa za vidonda zisikwamie maabara

Utafiti wa mimea inayotibu vidonda hauna budi kuvuka mlango wa maabara na kufikia majaribio kwa binadamu, na fedha za kuuvusha zitengwe sasa.

Tanzania haianzii sifuri. Utafiti wa tiba asili Muhimbili ulianza mwaka 1974, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu 2002. Lakini dondoo la mwarobaini kuua bakteria kwenye kisahani cha maabara bado si tiba; hata jiki huua bakteria. Swali gumu ni kama dawa hiyo itaziacha hai seli za ngozi zinazofunga kidonda, kwa kipimo gani, na kama mgonjwa atapona haraka kuliko kwa matibabu ya kawaida. Panya hawezi kulijibu peke yake: kidonda chake hufungwa zaidi kwa ngozi kujivuta, tofauti na chetu.

Wagonjwa nao hawasubiri. Mshubiri hupakwa majumbani, na majani yaliyopondwa bila usafi yanaweza kuingiza vimelea vya pepopunda. Mwenye kisukari anayechelewa kufika hospitali anaweza kupoteza mguu.

Waganga waliotoa maarifa wasisahaulike pia. Itifaki ya Nagoya ya 2010, mkataba wa kimataifa, inataka faida itokanayo na mimea na maarifa hayo igawanywe kwa haki.

Wenye dhamana ya bajeti watenge fungu la majaribio hayo, na wanaosimamia utafiti wadai mikataba ya maandishi na waganga kabla jani halijachumwa.