Data Tulishailipia, Mbona Imefungiwa Kabatini?

Wasee, hebu niwaulize. Ukiwa Nairobi na unaenda mtaa hujawahi kufika, unafanya nini? Unatoa simu, unaangalia ramani, unajua mathree ya kupanda na steji ya kushukia.

Hiyo ramani haikushuka kutoka mbinguni. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na watafiti wa MIT na Columbia kutoka Marekani, walipanda matatu wakiwa na simu mkononi, wakarekodi ruti moja baada ya nyingine. Mradi uliitwa Digital Matatus. Walipata ruti zaidi ya 130, na 2014 wakaachilia ramani na data yenyewe bure. Watengenezaji wa apu wakaichukua. 2015 Google Maps nayo ikaiweka.

Kinachoniuma ni hiki: hao walilazimika kuzunguka jiji lote kwa sababu hakukuwa na mahali pa kuipata hiyo data. Lakini iko nyingine nyingi ambayo serikali tayari inayo, imekusanywa kwa kodi yetu, na bado haitufikii.

Mwaka jana mimi na beshte yangu tulitaka kuunda apu ndogo tu. Unaandika mtaa wako, inakuonyesha kliniki ya umma iliyo karibu na huduma zake. Tukaenda ofisi moja kuomba orodha. "Leteni barua." Tukaleta. "Rudini wiki ijayo." Mwishowe tukapewa PDF ya kurasa 60, karatasi zilizopigwa picha zikiwa zimepinda. Kompyuta haisomi kitu kama hicho kwa urahisi. Tulianza kuchapa kwa mkono, tukachoka ukurasa wa tisa. Apu ikafia hapo.

Na si ati Kenya hatukujua. Julai 2011 Rais Kibaki alizindua tovuti ya data huria ya serikali, na tulikuwa kati ya nchi za kwanza Afrika kufanya hivyo. Lakini kukata utepe ni siku moja, kupakia data mpya ni kazi ya kila siku.

Kuna mtu ataniuliza, hiyo data italeta ugali mezani? Angalia GPS. Setilaiti ni za serikali ya Marekani, na hadi Mei 2000 raia walipewa signali iliyovurugwa makusudi. Rais Clinton akaamuru hiyo michezo ikome, usahihi ukawa wa kila mtu, bure. Leo jamaa wa nduthi anayekuletea chipsi mlangoni analipa kodi ya nyumba kwa hiyo signali. Hakuna aliyekaa ofisini 2000 akapanga kazi yake. Waliifungua tu, watu wakajua la kufanya.

Siombi faili za wagonjwa wala siri za mtu. Naomba orodha ya kliniki.

Kwa hivyo tunaandika barua tena, na safari hii tunataja Kifungu cha 35 cha Katiba, kinachompa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya 2016 inasema wakujibu ndani ya siku 21. Na tutaandika wazi: tunataka jedwali, si picha ya jedwali.

Wewe ungeomba data gani? Iandike, uipeleke. Siku 21 zianze kuhesabiwa.