INANGA: KULINGANISHA NYUZI NA KUFUNZA SIKIO

Mzee afapo huacha vitu vionekanavyo na vitu visikikavyo. Inanga ni ya namna zote mbili. Ubao wake hurithiwa ukatundikwa ukutani, lakini mlingano wa sauti zake aghalabu haukuandikwa popote. Iwapo hapana mtoto aliyeketi karibu na mzee jioni, mlingano huo huzikwa pamoja naye. Basi jamaa ya Bujumbura iliyo na inanga nyumbani, yaipasa kuanza kazi wakati mjuzi angali hai.

Jina hili lisichanganywe na nanga ya meli. Inanga ya Burundi ni ala ya nyuzi, iliyochongwa kwa kipande kimoja cha mti mfano wa sinia refu, nayo hukaribia urefu wa mita moja. Ncha zake mbili zimekatwa mapengo. Ugwe mmoja tu hupitishwa huku na huko katika mapengo hayo, ukafanya nyuzi nane au zaidi. Kwa desturi ugwe huo ulitokana na kano za ng'ombe.

Kwa kuwa ugwe ni mmoja, anayekaza uzi wa tatu huweza kuuharibu wa pili. Mwanafunzi na aanzie upande mmoja, akivuta ulegevu kidogo kidogo kuelekea upande wa pili, kisha arudie toka mwanzo. Asikate tamaa akilazimika kurudia mara kadhaa. Hewa ya kando ya Ziwa Tanganyika nayo haikosi athari: unyevu wa masika hubadili kano, hivyo mlingano wa jana usitegemewe leo. Ubao uepushwe na jua kali usije ukapasuka, wala usiachwe sakafuni penye maji.

Ngoma za Burundi, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya urithi wa binadamu mwaka 2014, hutaka kundi la watu na uwanja mpana. Inanga hutaka mtu mmoja na utulivu. Sauti yake ni ndogo mno hata mwimbaji hunong'ona badala ya kuimba, asije akaifunika. Kwa sababu hiyo yafaa sana katika nyumba za kambini: askari aliyetoka lindoni aweza kuipiga bila kumwamsha mtoto wala jirani.

Hapo ndipo penye ajabu. Mnong'ono wenyewe hauwezi kupanda na kushuka kama wimbo. Lakini Kirundi ni lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti huweza kubadili maana ya neno. Nyuzi huchukua kazi hiyo, na sikio la msikilizaji huunganisha vyote viwili, hata akadhani kwamba mnong'ono ndio unaoimba. Uzi mmoja ukilegea, neno nalo hupotoka. Ndiyo sababu mlingano hutangulia wimbo.

Ulimwengu una ala nyingine ifunzayo jambo lilo hilo. Mnamo mwaka 1920 hivi, Mrusi Leon Theremin alibuni ala ya umeme iitwayo theremini, ambayo mchezaji haigusi kabisa. Mkono mmoja ukiikaribia antena ya wima, sauti hupanda; mkono wa pili ukiikaribia antena ya kitanzi, sauti hufifia. Mchezaji huilinganisha akiwa amesimama pale pale atakapopigia, maana mwili wake mwenyewe ni sehemu ya mtambo. Hapana alama ionyeshayo mahali pa kila sauti. Clara Rockmore, aliyesifika kwa ala hiyo huko Marekani, alikwisha kulifunza sikio lake kwa fidla kabla ya kuishika.

Mwanafunzi wa inanga naye na afuate utaratibu huo. Siku za kwanza asikilize na kulinganisha tu, huku mzee akisahihisha. Kisha apige nyuzi mbili zilizo jirani hadi vidole vitulie, ndipo aongeze ya tatu. Mnong'ono uje mwisho, kwa sentensi moja fupi ya Kirundi, naye aitamke polepole huku nyuzi zikiifuata. Robo saa kila jioni yapita saa tatu za Jumapili moja.

Mwaka 1967 wageni walinasa muziki wa Burundi, pamoja na mnong'ono wa inanga, ukatolewa katika sahani za santuri na Ocora ya Ufaransa. Leo kazi kama hiyo yawezekana nyumbani kwa simu ya mkononi. Kijana amwombe mzee apige uzi mmoja mmoja, toka wa kwanza hadi wa mwisho, akitaja hesabu yake, ndipo apige wimbo mzima. Wengi hunasa wimbo peke yake wakaziacha nyuzi. Na zikikatika, mjukuu hubaki na wimbo asioweza kuulinganishia ala.