Mwacheni Bibi Abebe Ndoo Yake

Hapa Sakina, Arusha, mtu akishafikisha miaka 60 anapokonywa mizigo yote. Nikishuka kwenye daladala na kikapu changu cha sokoni Kilombero, kabla mguu wa pili haujagusa lami kijana ameshakidaka: "Shikamoo mama, lete nikusaidie." Marahaba mwanangu. Nimelelewa katika adabu hiyo na sitaki ife. Tatizo ni kwamba nyumbani adabu hiyo haina breki. Mkwe hataki niiname kufagia, mjukuu ananinyang'anya ndoo, na mwanangu kaleta kochi la kuzama, ukilikalia wanahitajika watu wawili kukutoa. Halafu wote wanashangaa mbona magoti ya bibi yanagoma.

Nasema waziwazi: tunawadhoofisha wazee kwa heshima. Misuli ya binadamu huanza kupungua tangu akiwa na miaka thelathini na kitu, kwa makadirio ya asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi, na baada ya 60 kasi huongezeka. Hilo ni la wote. Kukaa bure ndiko kunakoliharakisha. Mzee anapoanguka bafuni akavunjika nyonga, tunailaumu sabuni iliyomwagika, wakati mapaja yake yalikwisha kustaafishwa kitambo, na waliomstaafisha ni watoto wake wanaompenda.

Na misuli ya mzee inarudi ikipewa kazi. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake kule Boston, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio ambalo wengi wangeliita ukatili. Walichukua wazee 10 dhaifu waliokuwa wakitunzwa kituoni, wenye umri wa miaka 86 hadi 96, wakawanyanyulisha vizito kwa miguu muda wa wiki 8. Kwa wale tisa waliomaliza, nguvu za mapaja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174.

Wala tusingoje kufundishwa na Boston. Pita Karatu, shuka hadi Ziwa Eyasi kwa Wahadzabe. Watafiti waliokaa nao miaka ya 1980, akiwemo Kristen Hawkes, waliwakuta kina bibi waliokwisha kukoma hedhi wakichimba mizizi kwa mti uliochongwa, katika ardhi ngumu yenye mawe, na chakula hicho kikawafaa sana wajukuu. Hakuna aliyewapokonya mti wa kuchimbia kwa kuwaonea huruma. Mwaka 2020 kundi la David Raichlen likaongeza jambo lililonichekesha: Wahadzabe nao hupumzika, karibu saa 10 kwa siku, sawa tu na watu wa nchi zenye viwanda. Ila wao mara nyingi wakipumzika wanachuchumaa au wanapiga magoti, kwa hiyo misuli ya miguu haizimiki. Kochi langu la kuzama linaizima kabisa.

Arusha ni mji wa wakimbiaji. Tunamshangilia Alphonce Simbu, aliyechukua dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo mwaka 2025, na asubuhi barabara zetu zimejaa watu wa jogging. Safi kabisa. Lakini vyuma tumewaachia mabaunsa, kana kwamba nguvu ni ya kulindia mlango wa baa tu. Jimu ninayokwenda iko nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti, hatua chache kutoka barabara ya Namanga. Chuma cha kunyanyulia ni bomba la maji, vizito ni makopo ya rangi yaliyomiminiwa zege. Kopo la lita nne likijaa ni kilo 10 hivi. Wenzangu ni bodaboda na mafundi. Siku ya kwanza mmoja aliniuliza kama nimekuja kumtafuta mwanangu.

Kijana anayetufundisha ana adabu, ila uzito hapunguzi ovyo. "Mama, visigino chini! Mama, usibane pumzi!" Hilo la pumzi tulishike sana sisi wenye presha, maana ukibana pumzi huku unanyanyua, presha inapanda ghafla. Unatoa pumzi unapoinuka. Nakaa na kusimama huku nimekumbatia kopo, navuta bomba kuelekea tumboni, nasukuma ukuta. Uzito unaofaa ni ule ambao ukifika mara ya kumi unakunja uso. Ukianza kuuona mwepesi, ongeza. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima afanye mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi kwa wiki, na aliyefika 65 aongeze ya nguvu pamoja na ya kutopepesuka, siku 3 au zaidi.

Sasa sahani. Huruma ile ile imeingia jikoni: bibi analainishiwa. Asubuhi chai ya rangi na mkate, mchana wali na mchuzi mwepesi, jioni uji. Wataalamu wa lishe ya wazee wanashauri gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku (mwenye ugonjwa wa figo amsikilize daktari wake kwanza). Mimi wa kilo 65 nahitaji gramu 65 kwenda mbele. Yai lina kama 6, kikombe cha maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva 15. Chai ya rangi haina kitu. Na vyakula vyenyewe tunavyo: makande, loshoro ya mahindi na maziwa mgando, dagaa, ambao kwa asiye na meno husagwa wakatiwa kwenye mchuzi. Shida ni kwamba katika nyumba nyingi yai ni la mtoto au la mgeni. Bibi anasema ameshiba, na tunamwamini upesi mno.

Kliniki nazo zina deni. Nikienda napimwa presha, napimwa sukari, napewa vidonge. Sijawahi kuambiwa: "Mama, kunja mikono kifuani, kaa na usimame kwa sekunde 30 tuhesabu." Ni kipimo kinachotumika Marekani: mwanamke wa miaka 60 hadi 64 asiyefikisha mara 12, mwanamume mara 14, yuko katika hatari ya kuanguka. Hakihitaji mashine wala umeme. Viti vipo pale pale kwenye foleni, na wazee wamevikalia tangu saa moja asubuhi.