Gitaa Lililofyekwa Kichwa

Na Mwana Nyuzi

Wasomaji wa siku zote mnaujua ugomvi wangu na mafundi mitambo wa kumbi za harusi. Wiki hii wapumzike. Nilikaa kwenye studio moja ya nyumbani, hapa hapa Dar, nikashuhudia jambo ambalo hadi sasa linanikera.

Mpiga solo wa zamani, mtu mwenye vidole vya heshima, alikuja kurekodi wimbo wake. Siku hizi amplifaya si lazima: gitaa linachomekwa kwenye saundi kadi, na kompyuta ina programu kama Guitar Rig au AmpliTube, zenye ampu za kila aina, mwangwi, korasi na distoshen. Sina neno na programu hizo. Zimewafungulia mlango vijana wasio na fedha za kununua ampu, nami nazipenda.

Sebene likaingia. Kila mpigaji alipokaza mkono, taa ya saundi kadi ikawaka nyekundu. Nikamwambia prodyuza, "Mwanangu, punguza geini, sauti inapasuka." Akajibu bila kugeuka, "Usijali mzee, tutaishusha kwenye programu."

Haishuki! Saundi kadi ndiyo inayogeuza umeme wa gitaa kuwa tarakimu, na tarakimu zina dari yake, desibeli sifuri. Wimbi la sauti likiipita dari hiyo linafyekwa kichwa kabla programu haijaligusa. Ukiteremsha sauti humo ndani unapata mpasuko ule ule, ila mdogo. Shati likishaungua, kupunguza moto wa pasi hakulirudishi.

Kijana akaniambia eti sauti ikirekodiwa chini italeta kelele. Woga huo ni wa enzi za kanda na za biti 16. Kadi za sasa zinarekodi kwa biti 24, na kila biti ni kama desibeli 6. Vilele vya gitaa vikiishia desibeli 12 chini ya dari, umeacha biti 2 tu. Mvumo wa sumaku za gitaa lenyewe utausikia mapema kuliko kelele ya kadi. Na bendi zetu zilizorekodi Radio Tanzania zilikuwa na kanda, ambayo ikizidiwa kidogo huilainisha sauti polepole. Tarakimu zinakata papo hapo.

Kinachoniuma zaidi ni mkono wa mpigaji. Ampu ya programu inafuata nguvu ya nyuzi kama ampu ya kweli: ukigusa kwa upole inang'aa, ukikaza inanguruma. Ipe wimbi lililofyekwa, upole na ukali vinakaribiana hadi huwezi kujua nani anapiga. Miaka yote ile ya mazoezi inafutwa na kitufe kimoja ambacho mtu kaona uvivu kukigusa.

Maana kazi yenyewe haimalizi hata dakika mbili. Unachagua tundu la gitaa, si la maikrofoni. Unafungua sauti ya gitaa yote. Unamwambia mpigaji apige kile kipande chake kikali kuliko vyote, si kule kugusagusa kwa majaribio, nawe unashusha geini mpaka taa nyekundu isahaulike. Ndipo unaanza kuchezea ampu na mwangwi.

Sababu ya uzembe huu naijua. Maprodyuza hawa wamekulia kwenye midundo iliyokwisha kupikwa. Hawajazoea kumngojea binadamu akaze nyuzi. Mpiga solo wetu akaambiwa arudie. Akarudia, akarudia tena, na lile sebene la kwanza halikupatikana. Mwisho akalipishwa muda wote, pamoja na ule ulioharibiwa na mwenye studio.

Wapiga gitaa, mkiona taa nyekundu inawaka na mtu amekaa tu, chomoeni jeki. Saa hiyo msiilipe, na mkidaiwa, mwambieni aliteremshe deni kwenye programu.