Kijana unayejenga, ngazi yako imesimama juu ya nini?

Wengi wenu mnajenga, tusidanganyane. Kuna aliyenunua kaploti Kitengela kwa mkopo wa chama. Kuna anayemjengea mama nyumba ushago, pole pole kila mshahara ukiingia. Na kuna ndugu watatu waliochanga pesa ili waongeze ghorofa juu ya nyumba ya wazee. Nyote simu zenu zimejaa picha za ngazi: ngazi zinazoelea ukutani, ngazi za vioo, ngazi zenye taa chini ya kila kipandio. Maridadi kabisa.

Sasa nikuulize kitu ambacho hizo picha hazionyeshi. Hiyo ngazi imesimama juu ya nini?

Ukikosa jibu, hauko peke yako. Msingi wa nyumba tunaujadili hadi usiku wa manane. Bei ya mabati tunaijua kwa kichwa. Ngazi ndiyo tunaiachia "fundi atajua tu". Ilhali moto ukizuka usiku, njia ya kutoka ni hiyo hiyo. Mzee akiugua na abebwe hadi kwenye gari, atapitishwa hapo hapo. Ndiyo maana nasema ngazi isijengwe kwa kukisia, na pesa za kuishikilia zitengwe kabla ya pesa za kuirembesha.

Hebu tupige hesabu kidogo, usikimbie.

Chukua nyumba ya kawaida yenye mita 3 kutoka sakafu ya chini hadi ya juu. Weka ngazi moja iliyonyooka, yenye upana wa mita 1, inayochukua mita 4 za sakafu. Ukipima kwa mteremko, ina mita 5. Sema umemwaga zege la unene wa sentimita 15, kisha ukajenga vipandio 17 juu yake. Hapo umetumia zaidi kidogo ya mita 1.1 za ujazo. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzani wa takriban kilo 2,400. Kwa hivyo ngazi yako tupu, kabla hujabandika kigae hata kimoja, ina karibu tani 2.7. Ni kama umeegesha Probox mbili sebuleni, halafu ukaongeza bodaboda nne.

Huo ni mfano tu, kwani unene halisi huamuliwa na mhandisi. Lakini umeona mzigo wenyewe. Na bado hatujahesabu watu wanne wakipandisha kochi siku ya kuhamia.

Uzito huo una pahali pawili pa kwenda: chini, mguu wa ngazi unapogusa ardhi, na juu, inaposhikana na ghorofa. Pakiwa dhaifu pamoja tu, ngazi yote ni dhaifu.

Tuanze chini. Sakafu ya chini katika nyumba zetu nyingi ni zege la sentimita 10 hadi 15 lililomwagwa juu ya mawe na udongo wa kujazia. Sakafu hiyo inatosha kabisa kwa viti, kabati na watu, kwa sababu mzigo wao umetawanyika. Mguu wa ngazi hautawanyi kitu. Unabana zaidi ya tani moja kwenye mstari wa mita moja. Fundi akikwambia ngazi itaanzia juu ya sakafu iliyopo, bila kuchimba, mwambie asubiri kwanza.

Angalia kinachotokea. Kuta za nyumba zimesimama kwenye msingi uliochimbwa hadi ardhi ngumu. Mguu wa ngazi umesimama kwenye udongo wa kujazia. Miaka ikisonga, udongo wa kujazia hushuka, nao mguu unashuka nao. Kule juu, ngazi imeshikwa na nyumba ambayo haishuki. Upande mmoja unavutwa na mwingine umekwama, kwa hivyo lazima pahali papasuke. Mara nyingi ni pale juu, na ndio ule ufa unaouona ukikata kipandio cha mwisho. Unauziba, unapaka rangi, mvua ikirudi nao unarudi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa namna hii hauzibiki kwa rangi, bana, kwa sababu ulianzia chini ya sakafu.

Kama ploti yako iko Kitengela, Syokimau au Athi River, hali ni ngumu zaidi. Ule udongo mweusi unaoganda kwenye viatu wakati wa mvua huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Ngazi iliyosimama juu yake inainuliwa masika na kushushwa kiangazi, mwaka baada ya mwaka. Dawa inayojulikana ni kuuchimba na kuuondoa hadi ufike ardhi ngumu au mwamba, na hiyo inaweza kuwa zaidi ya mita moja. Wenzetu wa udongo mwekundu kule Kiambu wana afadhali, ila wasijidanganye: udongo wa kujazia ni wa kujazia, uwe mwekundu au mweusi.

Kwa hivyo mguu wa ngazi unahitaji msingi wake, uliofika ardhi ngumu kama ile iliyobeba kuta, na wenye vyuma vilivyoachwa vikichomoza ili vishikane na vya ngazi.

Najua unachofikiria: gharama. Sawa, tuitazame. Chukulia msingi wa urefu wa mita 1.2, upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 20. Zege la hapo linakula kama mfuko mmoja wa simiti wa kilo 50. Ongeza kaukuta ka kuinua msingi hadi usawa wa sakafu, vyuma kidogo na siku moja ya vijana wa kuchimba. Linganisha na bei ya vile vioo ulivyoulizia juzi. Tena ukichimba wakati mnachimba msingi wa nyumba, watu wako hapo na jembe ziko hapo. Ukisubiri sakafu imwagwe ndipo ukumbuke ngazi, utalipa kuvunja, kuchimba na kurudishia.

Twende juu sasa. Kule ngazi inafaa kulala kwenye boriti la zege lililopangiwa kazi hiyo, au kwenye slabu iliyoachiwa vyuma vya kuipokea. Kutoboa kidogo ukingo wa slabu ya zamani, ukachomeka vipande viwili vya chuma na kuziba kwa simiti, huko si kushikilia. Wala ukuta mwembamba wa kugawa vyumba haukuwekwa pale ubebe tani moja ya ziada.

Hapa ndipo zile ngazi zinazoelea zinapotuponza. Kila kipandio kinachoelea ni kama mkono ulionyooshwa, na mtu anakaa kwenye kiganja. Bega likiwa dhaifu, mkono unashuka. Bega la ngazi hiyo ni ukuta wa zege lenye vyuma au boriti la chuma lililofichwa ndani ya ukuta. Kwenye video hulioni, kwa sababu walishalifunika kwa plasta. Ukuta wa mawe ya kawaida pekee hauwezi kazi hiyo, hata fundi akikuapia.

Kuna na siri ya vyuma ambayo unaweza kuikagua mwenyewe bila digrii. Vyuma vikuu vya ngazi hukaa upande wa chini, kwa sababu ndiko zege linakovutwa mtu akikanyaga. Pale ngazi inapofika juu na kugeuka kuwa bapa, mafundi wengine hukunja chuma kifuate umbo la upande wa chini. Ni rahisi na kinapendeza macho. Shida ni kwamba chuma kilichokunjwa hivyo kikivutwa hutaka kujinyoosha, na kikijinyoosha kinasukuma zege la chini lidondoke. Inavyotakiwa, chuma cha mteremko kinaendelea moja kwa moja hadi upande wa juu wa ile sehemu bapa na kujishikiza huko, nacho cha sehemu bapa kinaingia hivyo hivyo kwenye mteremko. Vinapishana kama mikono iliyokunjwa kifuani. Piga picha kabla zege halijamwagwa, mtumie injinia. Zege likishaganda, hakuna atakayejua tena.

Halafu kuna haraka. Zege hupimwa nguvu zake kamili siku ya 28. Sisi tunang'oa mbao na miti ya kuegemeza baada ya siku chache kwa sababu mbao ni za kukodi na zinangojewa kwingine. Tarehe ya kung'oa itolewe na mhandisi, isitolewe na mwenye mbao. Na wiki ya kwanza mwagia maji kila siku, hiyo kazi hata mdogo wako wa darasa la saba ataiweza.

Ukiamua kutumia chuma badala ya zege, mambo hayabadiliki sana. Ngazi za nje zilizochomelewa zimejaa kwenye nyumba za kukodisha mjini. Ni nyepesi na za haraka, lakini nazo zinasimama pahali. Nguzo ya chuma iliyochimbiwa moja kwa moja kwenye udongo huliwa na kutu pale pale inapoingia ardhini, mahali ambapo hakuna anayetazama. Inafaa isimame kwenye bamba la chuma lililofungwa kwa bolti juu ya msingi wa zege ulioinuka kidogo, ili maji yasituame. Ngazi ya mbao vivyo hivyo: usizike nguzo kwenye udongo ukaalika mchwa. Na maji ya paa yasimwagike penye mguu wa ngazi, maana yatakula udongo unaoibeba.

Sasa niseme na ninyi wa "nitaongeza ghorofa baadaye". Mnajulikana kwa vile vyuma vinavyochomoza juu ya paa kama nywele zilizokataa kuchanwa. Mpango ni mzuri. Lakini ukiacha vyuma vya nguzo na usiache msingi wa ngazi, umepanga nusu ghorofa. Siku pesa zitakapopatikana, ngazi itabandikwa nje, juu ya kibaraza au juu ya kifuniko cha shimo la maji taka. Chora ngazi leo, chimba msingi wake leo, hata kama utapandia juu yake mwaka wa 2035.

Wapo watakaosema fundi wao amejenga miaka 20 bila injinia na hakuna kilichoanguka. Mimi namheshimu fundi. Yeye ndiye anayejua kumwaga zege kwenye mteremko lisitiririke, na kuweka vipandio vyote kimo kimoja mtu asijikwae. Lakini kujua kujenga na kujua mzigo utapita wapi ni kazi mbili. Fundi wa miaka 20 hupewa mchoro akafurahi, kwa sababu ngazi ikipasuka, lawama haitamwangukia peke yake. Anayekasirika ukimtajia mchoro, hapo jiulize.

Sheria nayo ipo. Tangu mwaka wa 2011 tuna sheria iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi inayosajili wakandarasi, na nyingine ya mwaka huo huo iliyounda Bodi ya Wahandisi inayoweka orodha ya wahandisi waliosajiliwa. Unaweza kuuliza kama jina la injinia wako limo. Kaunti nayo ndiyo inayoidhinisha michoro. Najua foleni na ada zake zinachosha. Lakini kumbuka Huruma, Nairobi, usiku wa Aprili 29, 2016, jengo la makazi lililokuwa karibu na mto lilipoporomoka wakati wa mvua na kuua watu wapatao 50. Waliolala mle hawakuwa na njia ya kuona kilichokuwa chini yao. Wewe unayejenga sasa hivi unayo, kabla shimo halijafunikwa.

Na kama hujengi, unakodisha tu keja yako orofa ya nne, usidhani haya hayakuhusu. Kesho ukishuka, tazama ngazi yenu kwa chini. Kuna chuma kimeanza kuonekana? Zege linadondoka pale ngazi inapokunja? Kuna ufa unaopanuka kati ya ngazi na ukuta? Kwenye ngazi ya chuma, nguzo zimebakia nene kule chini, au kutu imezitafuna? Piga picha yenye tarehe, mtumie mwenye nyumba, rudia baada ya mwezi. Mkiwa wapangaji kumi wenye picha zile zile, ni vigumu kupuuzwa. Asipojibu, pelekeni picha hizo kaunti.

Wewe wa mjengo, una simu moja ya kupiga. Mpigie fundi wako jioni hii umuulize: mguu wa ngazi utachimbwa hadi wapi, juu utalala kwenye boriti gani, vyuma vitapishana vipi, na mbao zitatoka siku gani. Akikujibu yote na mchoro mkononi, endelea kuchagua vioo. Akikwambia "usijali, bosi", simamisha kazi ya ngazi hadi injinia afike.