Ramani ya Maji Chini ya Ardhi Ina Kazi Gani Rungwe Yenye Mvua Tele?

Kata ya Msasani, mjini Tukuyu, ipo katika Wilaya ya Rungwe, miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini, ambako kiwango cha mwaka huweza kuzidi milimita 2,000. Mwananchi ana haki ya kuhoji sababu ya kutafuta maji ardhini penye neema kama hiyo. Jibu lipo kwenye miamba.

Ardhi ya Rungwe imejengwa na volkano kwa matabaka ya majivu na lava. Majivu hupitisha maji upesi, ilhali lava ngumu huyazuia isipokuwa palipo na nyufa. Hivyo chemchemi inaweza kububujika mahali pamoja, na kisima kilichochimbwa jirani kikakosa maji. Anayetaka kuiona lava hiyo afike Daraja la Mungu, katika Mto Kiwira.

Mifumo ya Taarifa za Kijiografia huwawezesha wataalamu kupanga ramani moja juu ya nyingine: mvua, aina ya miamba, mteremko, mtandao wa mito, udongo, matumizi ya ardhi, pamoja na nyufa zinazobainika katika picha za satelaiti. Kila tabaka hupewa uzito, kisha kompyuta huligawa eneo katika kanda zenye uwezekano mkubwa, wa kati na mdogo wa kupata maji. Uzito huo huamuliwa na binadamu. Ramani isiyolinganishwa na takwimu za visima vilivyokwishachimbwa hubaki makisio yenye rangi za kuvutia.

Aidha, ramani hupunguza tu eneo la utafutaji. Vipimo vya jiofizikia hufuata, na maji hupimwa maabara. Wakazi wa Arusha wanafahamu madhara ya floraidi katika maji ya maeneo ya volkano.

Hata hivyo, manufaa makubwa zaidi kwa Rungwe yamo katika kulinda maji kuliko kuyachimba. Ramani hiyo hiyo huonesha mahali mvua inapozama ardhini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, lakini maji ya chemchemi yanaweza kuwa yamezama mbali zaidi, juu mlimani, kwenye ardhi inayolimwa chai, ndizi, viazi na parachichi. Bila ramani, halmashauri na vijiji hupanga matumizi ya ardhi hiyo pasipo kujua ni shamba lipi linalolisha chemchemi ipi.

Kwa mkulima anayekusudia kuchimba kisima cha umwagiliaji, hatua ya kwanza ni kufika Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa, yenye mamlaka ya kutoa vibali vya matumizi ya maji, kabla ya kumlipa mchimbaji. Mchimbaji naye anapaswa kuwa na leseni.